Mahindi, mtama au uwele? Na mikunde ipi ya kwenda nayo: ulinganisho kwa mwenye ekari chache Dodoma

Kila ikifika Novemba swali ni lile lile. Mtu ana ekari mbili, tatu, labda tano, huko Hombolo, Mvumi, Bahi au Kongwa. Amerithi kwa wazazi, au alinunua miaka hii baada ya serikali kuhamia Dodoma na kila mtumishi akataka kashamba. Afisa ugani anamwambia: panda mtama, unastahimili ukame. Mkewe anasema: panda mahindi, watoto hawali ugali mweusi. Mama yake mzazi, akipigiwa simu, anauliza imekuwaje hakuna aliyetaja uwele. Wote watatu wana hoja.

Mimi nimelima vyote vitatu kwenye ekari nne za familia upande wa Chamwino, na vyote vimenishinda kwa zamu. Kwa hiyo sina zao la kulitawaza hapa. Nilicho nacho ni malalamiko kidogo kuhusu namna tunavyoshauriana. Tukizungumzia nafaka za kwetu tunaanza na ukame na kuishia hapo hapo, kana kwamba mtama na uwele vilitoka mashambani kwa sababu watu walisahau kuwa Dodoma ni kukavu. Hakuna aliyesahau. Vilitoka kwa sababu watoto waliokuwa wakiamia ndege, yaani kuwafukuza shambani, sasa wako shule, ambako ndiko wanakotakiwa kuwa. Vilitoka kwa sababu kukoboa kwa kinu ni kazi ya kuumiza mgongo, na kwa sababu gari la mnunuzi lilikuja kutafuta mahindi. Anayetaka kurudisha nafaka hizi na mikunde yake shambani lazima ajibu hayo kwanza, mvua baadaye.

Basi nitalinganisha kwa maswali matano: maji na udongo, mikono ya kufanya kazi, mbegu, ghala, kisha jiko na soko. Nafaka tatu kwanza, mikunde minne baadaye, maswali yale yale.

Maji na udongo

Msimu wetu ni mmoja. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili, na kwa sehemu kubwa ya mkoa jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 700. Kwa hesabu ya karatasi, hiyo inatosha mahindi. Kinachotuangusha ni lile pengo la katikati, mara nyingi Februari, wiki mbili au tatu bila tone.

Mahindi yakikutwa na pengo hilo wakati yanatoa mbelewele na ndevu, basi. Mvua ikirudi shamba litapendeza, majani kijani, ila ukimenya hindi unakuta mapengo kama mdomo wa mzee. Aina za muda mfupi kama Situka au Kito zinasaidia, lakini tuelewane zinasaidiaje: zinaukwepa ukame, haziustahimili. Ukame ukija mapema kuliko ulivyotarajia, nazo zinakwenda.

Mtama una tabia tofauti. Jua likizidi unakunja majani na kusimama, hauongezeki wala haufi. Mvua ikirudi unaendelea pale ulipoishia. Pia unavumilia maji yaliyotuama, jambo ambalo wengi hawalitaji. Ukiwa na kipande cha mbuga, ule udongo mweusi unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, mtama ndiyo nafaka yako.

Uwele unakwenda mbali zaidi kwenye ukavu na hauoni aibu kumea kwenye kichanga kilichochoka. Aina kama Okoa, iliyotolewa mwaka 1994, inakomaa kwa takriban miezi mitatu. Ila usiupeleke mbuga. Maji yakisimama kwenye mizizi yake utaona manjano kabla ya mwezi kwisha.

Jambo moja linabadilisha hesabu kwa nafaka zote: mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha huku huku Dodoma. Unachimba shimo la upana na kina cha kama sentimita 20 hadi 30 kabla ya mvua, unatia samadi, unapanda humo humo. Maji yanakusanyika kwenye mche badala ya kukimbilia korongoni. Mwenye mashimo hayo anaweza kupanda mahindi mahali ambapo jirani yake anayeberega, yaani anayekwangua juu na kutupia mbegu bila kulima, hathubutu. Lakini kuchimba ekari nzima ni kazi ya wiki kadhaa kwenye udongo wa Septemba. Si kila mtu ana huo mgongo, au fedha ya kumlipa mwenye nao.

Mikono

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka mmoja nilipanda ekari moja na nusu ya Macia, mtama mweupe, mfupi, unaokomaa kwa takriban siku 110. Nilipunguzia miche vizuri, nikapalilia mara mbili, nikaweka samadi tela nne. Mwanzoni mwa Aprili masuke yalikuwa yamejaa maziwa na watu wakipita njiani wanasimama kuangalia. Majirani wote walikuwa na lugugu, mtama wetu wa zamani, mrefu, unaochukua muda wake. Wa kwao ulikuwa bado kijani kabisa. Wa kwangu ulikuwa peke yake mezani.

Asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, nikasikia kama upepo. Nikatoka nje ya kibanda: kwelea kwelea. Walikuja kama moshi, wakainama, wakatua, na shamba likaanza kutetema. Nilikuwa na debe tupu na fimbo. Nikapiga debe, wakainuka wote, wakazunguka, wakatua upande wa pili. Nikakimbilia huko, wakarudi walikotoka. Saa nne mkono ulikuwa umevimba. Bibi mmoja jirani, ambaye mtama wake ulikuwa salama kwa sababu haujakomaa, alisimama mpakani na jembe begani, akanitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "umealika wageni wa kata nzima halafu umepika chungu kimoja."

Nilivuna magunia mawili na debe moja.

Hesabu ya ndege hawa si ngumu. Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege laki moja, ambalo si kubwa kwa viwango vyao, linamaliza tani moja, yaani magunia 10, kwa siku moja. Serikali hutuma ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo makubwa, lakini haiji kwa ajili ya ekari yako moja na nusu. Kwa hiyo mtama, na uwele vilevile, vina wiki tatu hadi nne ambazo lazima mtu awe shambani tangu alfajiri mpaka jua litue, juu ya ulingo, na kombeo au debe. Kama mtu huyo hayupo, lipa mtu. Kama huna cha kumlipa, pandeni pamoja: mashamba kumi yakikomaa wiki moja, hasara inagawanyika na waamiaji pia. Mtama wa rangi ya kahawia wenye uchungu ndege huuacha mpaka wakose kingine, lakini uchungu huo huo utaukuta jikoni.

Mahindi yamejifunika maganda. Hiyo peke yake, nadhani, imeyapa ushindi mkubwa kuliko kampeni yoyote. Unaweza kuyaacha shambani ukaenda msibani siku tatu na ukayakuta. Adui yake ni mwingine: tangu mwaka 2017 tunaishi na viwavijeshi vamizi, wanaojificha ndani ya mche na kuula moyo. Lazima upite shamba kila wiki tangu miche ina majani matano, uangalie yenye matundu na kinyesi kama unga wa mbao, na uwe na dawa mkononi. Mtama nao huguswa, ila mahindi ndiyo wanayoyapenda.

Palizi ni mbili kwa nafaka zote, na ya kwanza haisubiri. Miche ya mtama na uwele ikiwa midogo inafanana na nyasi, hivyo kibarua mgeni anaweza kupalilia mazao akaacha magugu. Panda kwa mistari, sentimita 75 mstari hadi mstari, ujiokoe. Shamba lenye kiduha, lile gugu la maua mekundu au ya zambarau linalonyonya mizizi, halitibiki kwa jembe. Unapoliona limechanua, madhara yameshafanyika chini. Linashika nafaka zote tatu, lakini kwa mtama kuna aina zilizotolewa mwaka 2002 kwa ajili yake, Wahi na Hakika.

Kupura: mtama unawasha, uwele unawasha zaidi. Mahindi unapukuchua huku unapiga soga.

Mbegu

Mahindi chotara ni lazima ununue kila mwaka. Ukirudishia punje zake utapata shamba la kila mtu na lake, marefu kwa mafupi. Mahindi ya aina ya kawaida, kama TMV-1, unaweza kurudishia misimu michache ukichagua mahindi ya katikati ya shamba.

Mtama kwa sehemu kubwa unajichavusha wenyewe, kwa hiyo ukichagua masuke mazuri kabla ya kuvuna, ukayaning'iniza juu ya moshi wa jiko, mwakani unapanda kitu kile kile. Ekari moja inahitaji kilo tatu hadi nne tu. Mahindi yanahitaji nane hadi kumi. Uwele unachavushwa kwa upepo, hivyo jirani akiwa na aina nyingine zitachanganyika, na mbegu nzuri utaipata katikati ya shamba, mbali na mpaka. Kituo cha utafiti cha TARI Hombolo kiko hapa hapa mkoani na mtama na uwele ndizo kazi zake, na vikundi vingine vya wakulima huzalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Usinunue mtama wa sokoni ukauita mbegu bila kuuotesha kwanza: punje 100 kwenye kitambaa kibichi, ukipata chini ya 80 zilizochipua, tafuta kwingine.

Ghala

Kwenye ghala mahindi ndiyo yanayopata taabu. Dumuzi, mdudu ambaye wengi tunamwita scania, aliingia nchini kupitia Tabora na kugundulika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hajatoka. Gunia la mahindi lisilotiwa dawa linaweza kuwa unga kabla ya Krismasi. Kisha kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na mahindi ndiyo yaliyohusishwa zaidi. Sumukuvu haionekani kwa macho kila mara na haiishi kwa kupikwa. Anika juu ya turubai, si chini. Ng'ata punje, ikikatika kwa mlio imekauka. Tenga yaliyooza na usiyapeleke kwa kuku wala kwenye pombe.

Mtama mweupe wa kisasa una punje laini na fukusi wanaujua. Ukitunzwa kwenye mfuko usiopitisha hewa unakaa salama bila dawa, ilimradi ulikaushwa sawasawa na hakuna panya wa kutoboa. Lugugu na jamaa zake wenye punje ngumu wanavumilia zaidi.

Kwa kukaa ghalani, uwele hauna mpinzani. Punje ni ndogo mno kwa mdudu kuishi ndani, na uwele uliokauka vizuri kwenye kihenge unavuka mwaka na kuingia wa pili. Wazee waliolelewa na simulizi za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 iliyoivunja Ugogo, hawakuwa wanakula uwele wa mwaka huu. Walikula wa mwaka jana, na wa mwaka huu wakauangalia tu. Tahadhari moja: sifa hii ni ya punje, si ya unga. Uwele una mafuta mengi na unga wake unachachuka haraka, baada ya siku chache unakuwa mchungu. Saga wa siku mbili tatu, si debe.

Jikoni na sokoni

Sitajifanya kuwa ladha ni jambo dogo. Familia ikishazoea sembe, ugali wa uwele unaonekana adhabu. Kwangu njia iliyokubalika ilikuwa kuchanganya: sehemu mbili mahindi, sehemu moja mtama mweupe uliokobolewa mashineni. Watoto hawakusema kitu, na kwa watoto huko ndiko kusifu. Uwele kwa mlenda ni habari nyingine.  Anayejua anajua. Uwele pia una madini ya chuma kwa wingi kuliko mahindi, ndiyo maana unaingia kwenye uji wa wajawazito na watoto. Kabla ya kupanda mtama au uwele, ulizia kama mashine ya kijijini kwako ina kinu cha kukoboa nafaka ndogo. Nyingine zinakoboa mahindi tu, na hapo umerudi kwenye mchi.

Sokoni, mahindi yana Kibaigwa, pale wilayani Kongwa, ambako malori kutoka ndani na nje ya nchi yanapakia. Siku yoyote una gunia, una mnunuzi. Bei ndiyo ina ghadhabu zake: Juni na Julai kila mtu anauza, na kuna dalali anayetaka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mtama mweupe una wanunuzi wakubwa lakini wachache: viwanda vya bia, NFRA ambayo ni wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, na watengeneza chakula cha mifugo. Hawa wanataka mzigo mkubwa, safi, wa aina moja. Mtama uliopurwa chini, wenye mchanga, unarudishwa getini. Mwenye magunia matano peke yake hawafikii. Kikundi chenye magunia 200 kinapigiwa simu. Uwele soko lake ni dogo na la karibu: wapika pombe, akina mama wa unga wa lishe, na majirani mwezi wa Januari, ghala zikiwa tupu, ambapo bei yake inaweza kukushangaza. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, ulezi na ndugu zao. Mabango tuliyaona. Mnunuzi wa kijijini alibaki yule yule.

Kwa mavuno, mkulima wa kawaida wa huku anapata magunia matatu hadi matano kwa ekari, mtama au mahindi, mwaka usiokuwa mbaya. Mtama wa aina bora ukitunzwa sawasawa na ukaamiwa unaweza kuvuka kumi. Mahindi yenye mbolea na mvua nzuri yanavuka hapo pia. Tofauti yao inaonekana mwaka mbaya: mtama unashuka, mahindi yanaanguka.

Mikunde

Nianze na maharage ili tumalizane nayo. Maharage yanataka ubaridi na mvua iliyotawanyika vizuri. Kama uko Kibakwe kwenye miinuko ya Rubeho, lima. Kama uko Bahi, nunua sokoni.

*Kunde.* Maji: inavumilia ukavu, na aina za muda mfupi zinakomaa ndani ya siku 65 hadi 80. Mikono: inatambaa na kufunika udongo, hivyo palizi inapungua, ipande katikati ya mistari ya mtama wiki mbili tatu baada ya mtama, isije ikaupanda. Vidukari wakivamia wakati wa maua, bila dawa hupati kitu. Liko pia gugu la ukoo wa kiduha, la maua ya njano, linalonyonya mizizi ya kunde. Mbegu: unatunza mwenyewe. Ghala: hapa ndipo inapoumiza, fukusi wanaanza wakiwa shambani, na ndani ya miezi mitatu gunia lina matundu kama chekeche. Mfuko usiopitisha hewa si anasa kwa kunde. Jikoni na sokoni: inakulisha kabla haijavunwa. Majani yanachumwa kuanzia wiki ya nne, yanayobaki yanakaushwa kuwa safwe ya kiangazi. Hakuna zao jingine hapa linalokupa mboga Agosti.

*Choroko.* Maji: siku 60 hadi 75 tu, kwa hiyo ukichelewa hadi Februari bado unaweza kuidaka mvua ya mwisho. Mikono: maganda hayaivi pamoja. Utachuma mara mbili au tatu, ukichelewa yanapasuka na kumwaga, mvua ikinyesha yameiva yanaota humo humo. Mbegu: si nyingi kwa ekari, na unaweza kurudishia. Ghala: fukusi kama kunde, lakini wengi hawaiweki, wanauza. Jikoni na sokoni: kwetu hailiwi sana, ni zao la fedha. Sehemu nyingi sasa inauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na mnada. Uzuri wake ni mizani na bei ya wazi. Ubaya ni kusubiri malipo wakati ada ya shule haisubiri.

*Mbaazi.* Maji: mizizi inakwenda chini mno na kufuata unyevu ambao nafaka hazifikii. Majani yanayodondoka ni mbolea ya bure. Mwanzoni inakua polepole, hivyo haigombani na mahindi ukichanganya. Mikono: kazi ni ndogo, tatizo ni kalenda. Aina za muda mrefu zinabaki shambani hadi Agosti au Septemba, na sisi baada ya mavuno ya nafaka tunaachia mifugo mashambani. Ng'ombe hajui mpaka. Bila uzio, au bila makubaliano ya kijiji, umelima malisho. Mbegu: Mali na Tumia zinajulikana na zina punje kubwa nyeupe ambazo soko linapenda. Ghala: fukusi tena. Jikoni na sokoni: mbaazi ya nazi ni ya pwani, huku tunaipika na kuila bila sherehe. Soko ni India. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kiasi cha mbaazi cha kuingiza, bei huku iliporomoka hadi watu wakaiacha shambani. Baadaye walifungua tena na bei ikarudi. Anayelima mbaazi kwa fedha ajue bei yake inapangwa Delhi.

*Njugu mawe.* Maji: inavumilia ukavu na kichanga ambacho mikunde mingine inakataa, bila mbolea. Mikono: inazaa chini, kwa hiyo unaipandishia udongo wakati wa palizi na kuing'oa udongo ungali na unyevu kidogo. Usilipuuze hili. Kule Kongwa, mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951 uliteketeza mamilioni ya pauni, na mojawapo ya sababu ilikuwa udongo mwekundu uliokauka ukawa tofali, karanga zikabaki chini. Trekta zilishindwa, jembe lako la mkono halitafanya muujiza Juni. Mbegu: ghali na adimu, nyingi ziko mikononi mwa akina mama wanaozirithishana, nenda kwa adabu. Ghala: ziache na maganda yake, zinakaa. Jikoni na sokoni: zinakula kuni kwa kuchemka muda mrefu, loweka usiku kucha. Soko ni la mafungu barabarani, dogo lakini halikauki.

Kwa hali yako

Kama kaya ni kubwa, watu wako shambani muda wote, na lengo la kwanza ni kutonunua chakula Januari: uwele kwenye kichanga, mtama kwenye udongo mzito, kunde katikati. Robo ekari ya mahindi karibu na nyumba kwa ajili ya kuchoma, watoto wana haki yao.

Kama unaishi mjini na shamba unaliona Jumamosi tu, mtama mfupi utakulilia. Chukua mahindi ya muda mfupi kwenye mashimo ya Chololo, eneo dogo, na umlipe mtu wa kuangalia viwavi. Mbaazi ongeza ukiwa na uzio, la sivyo subiri.

Ukiwa na majirani watano au zaidi wanaoelewana, hesabu inageuka: Macia kwa pamoja, wiki moja ya kupanda, zamu za ulingo, turubai za kupuria, mzigo mmoja kwa mnunuzi mmoja. Bila kimoja kati ya hivyo usianze.

Kama shamba lina kiduha, weka mikunde mwaka mzima, kisha rudi na Wahi au Hakika na samadi ya kutosha. Choroko inafaa; kunde na njugu mawe angalia kwanza kama lile gugu la njano halipo.

Kama mvua imekawia mpaka katikati ya Januari, acha mahindi hata kama mbegu umeshanunua. Uwele sasa, choroko mwezi ujao.

Kama unatafuta fedha ya haraka, choroko, ukiwa na mikono ya kuchuma na AMCOS inayolipa kwa wakati. Uliza waliouza mwaka jana, usimuulize karani.

Mimi msimu huu narudi kwenye mtama. Tumeshakubaliana mashamba manne yanayopakana, mbegu moja, wiki moja. Zamu ya ulingo ya jioni ameichukua yule bibi, kwa malipo ya majani ya kunde kila siku tangu yanapoanza kuchumwa. Nilipomkumbusha kuhusu wageni wa kata nzima, akauliza kama debe langu bado lipo au nililitoboa siku ile.